Trekta likikwaruza gia: Sikiliza kwanza, fungua baadaye

OKTOBA inapofika, mkulima wa Kibondo huwa na macho mawili: moja kwenye mawingu, la pili kwenye trekta.

Mvua za nyanda za juu za Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Anayewahi kulima ndiye anayewahi kupanda mahindi na maharage. Katika wiki hizo chache trekta moja hutegemewa na watu wengi: mwenye nalo, jirani zake, na wale waliokwisha kutanguliza fedha ili walimiwe kwa zamu.

Ndipo asubuhi moja dereva anakanyaga klachi, anasukuma mkono wa gia, na chini ya miguu yake inatoka sauti ya chuma kusaga chuma. Anajaribu tena, gia inaingia kwa kishindo. Kufikia mchana inagoma kabisa.

Neno la kwanza linalosikika shambani huwa moja: giaboksi imekufa. Mara nyingi neno hilo si kweli, na kuliamini haraka kunaweza kumgharimu mwenye trekta msimu mzima.

Mazoea ya gari dogo

Miongoni mwa matrekta ya zamani ambayo bado yanatafutwa na wakulima wa Afrika Mashariki ni Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 mjini Coventry, Uingereza. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu hula mafuta kidogo, na mafundi wengi wanaifahamu.

Lakini trekta la umri huo haliendeshwi kama gari dogo. Giaboksi ya gari la kisasa ina kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Giaboksi ya MF 135 ya gia sita haina kifaa hicho. Meno ya gia moja husukumwa moja kwa moja kuelekea meno ya nyingine, na kama moja inazunguka na nyingine imetulia, lazima zigombane.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina gharama yoyote. Trekta lisimame, klachi ikanyagwe hadi mwisho, dereva asubiri kidogo, ndipo abadilishe gia. Gia ya kulimia huchaguliwa kabla ya kuanza mstari, si katikati ya shamba.

Jaribio la kuhesabu hadi kumi

Kabla ya kumwita fundi, mwenye trekta anaweza kufanya jaribio fupi. Trekta liegeshwe mahali tambarare, breki ifungwe, na asiwepo mtu mbele wala nyuma. Injini iwashwe gia ikiwa nyutro na izunguke polepole. Kisha klachi ikanyagwe hadi mwisho, ihesabiwe moja hadi kumi bila haraka, na gia ya kurudi nyuma iingizwe.

Ikiingia kimya, klachi ni nzima. Kilichokuwa kikikwaruza ni haraka ya dereva, kwa sababu gia za ndani zilikuwa bado zinazunguka kwa kasi ya mwanzo.

Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, basi klachi haiachii kabisa. Injini inaendelea kuzungusha giaboksi ingawa mguu umefika chini. Hakikisho jingine ni kuzima injini na kujaribu tena, ikibidi kwa kulisukuma trekta kidogo ili meno yaelekeane. Kama gia zote zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zinakwaruza ikiwashwa, mtuhumiwa wa kwanza ni klachi.

Tiba huanza kwenye pedeli. Kila klachi ina nafasi ndogo ambayo pedeli hushuka bila kazi, na kipimo chake kimo katika kitabu cha trekta. Nafasi hiyo ikizidi, kwa sababu pini na vishikio vimelika, mguu hufika chini kabla klachi haijaachia. Ikikosekana kabisa, klachi huteleza na kuungua. Kurekebisha fimbo ya pedeli ni kazi ya spana na rula, na trekta likarudi shambani siku hiyohiyo.

Matrekta mengi ya aina hii yana klachi ya hatua mbili. Pedeli ikishuka nusu, magurudumu huachiwa. Ikishuka yote, na shafti ya nyuma inayoendesha mashine kama ya kupukuchua huachiwa pia. Kama kelele inatoka tu wakati wa kuunganisha shafti hiyo, huenda dereva amezoea kuishia hatua ya kwanza.

Kuna pia sahani ya klachi kung'ang'ania kwa kutu, hasa trekta linapoachwa nje kwa miezi. Kinga yake ni rahisi: trekta linapowekwa kwa muda mrefu, pedeli ibanwe chini kwa kigingi cha mbao ili sahani isigandamane na chuma kinachoizunguka.

Kelele inavyotoa habari

Kama klachi imekaguliwa na tatizo bado lipo, ni wakati wa kusikiliza kelele inatokea lini.

Kelele ikisikika klachi inapokanyagwa tu, beringi ya kuachia klachi imechoka. Ikisikika nyutro huku mguu uko juu, na ikatoweka pedeli inapokanyagwa, beringi ya mbele ya giaboksi ndiyo ya kuchunguzwa. Ikiwa katika gia moja tu, meno ya gia hiyo yamelika. Gia ikichomoka yenyewe trekta likivuta mzigo, springi inayoishika au uma unaoisukuma umechakaa. Sauti inayosikika katika gia zote, na kuongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, huweza kutoka nyuma kwenye difu.

Dereva anayeweza kumweleza fundi mambo hayo amekwisha kumwokolea nusu ya kazi. Anayesema tu "linapiga kelele" anamwalika afungue kila kitu.

Oili ni moja, hasara ni mbili

Kwenye MF 135, giaboksi, difu na haidroliki hutumia oili moja, takriban lita 30. Pampu inayoinua jembe imezama humo humo. Hivyo unga wa chuma unaotoka kwenye meno yanayosagana haubaki kwenye gia, bali huzunguka hadi kwenye pampu. Aliyeanza na gia inayokwaruza anaweza kumaliza na jembe lisiloinuka.

Ndiyo maana oili ichunguzwe mapema. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Ikimeta vipande vya chuma, trekta lisimame. Kuongeza oili nzito kupita kiasi ili kuzima kelele ni kujidanganya, kwani pampu huvuta kwa shida na kelele hurudi.

Wanunuzi wa matrekta yaliyotumika nao wawe macho. Ipo hila ya zamani ya kutia maranda ya mbao ndani ya giaboksi ili itulie kwa siku chache za mauzo. Mnunuzi afungue nati ya chini, atoe oili kidogo kwenye kopo safi na kuiangalia juani kabla ya kutoa fedha.

Hesabu ya ekari

Trekta la aina hii halina chesisi. Injini na giaboksi zenyewe ndizo uti wa mgongo, hivyo kubadili klachi ni lazima likatwe katikati. Ni kazi ya magogo imara, jeki na fundi anayejua, wala si ya kujaribia chini ya mwembe.

Tuseme trekta hulima ekari tano kwa siku. Likikatwa mwezi Novemba na kipuri kikasubiriwa siku kumi kutoka Mwanza au Dar es Salaam, ekari 50 hazikulimwa. Mwenye trekta amepoteza malipo ya ekari hizo, na wenye mashamba wamepoteza mvua ambayo haitarudi. Kazi ileile ikifanywa Julai, gharama ni vipuri na fundi tu.

Na likishakatwa, ni busara kubadili kwa pamoja sahani ya klachi, beringi ya kuachia, beringi ndogo ya katikati na sili zinazozuia oili kulowesha klachi. Fundi hulipwa mara moja. Anayeokoa bei ya sili leo hulipia kukata trekta upya mwakani.

Kuna hesabu nyingine isiyo ya fedha. Barabara za Kibondo na Kasulu zina milima. Trekta lenye tela la magunia ya mahindi likikosa gia kwenye mteremko, breki pekee haziwezi kuaminiwa. Gia nzito ichaguliwe juu kabla ya kuteremka, na klachi isikanyagwe njiani. Trekta ambalo gia yake huchomoka lisipewe tela hata kidogo.

Fundisho la Urambo

Mambo haya si mageni katika ukanda wa magharibi. Mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulikuwa na mashamba Kongwa, Nachingwea na Urambo, penye reli hiyohiyo iendayo Kigoma. Fedha zilikuwepo na matrekta yaliletwa. Lakini mengi yalikuwa mitumba ya vita, madereva walifundishwa kwa haraka, na vipuri vilikuwa haba. Sehemu kubwa ya mitambo ililala mapema.

Mmiliki wa trekta moja Kibondo hana fedha za mradi ule, ila anaweza kukwepa kosa lake. Dereva afundishwe kusubiri hesabu ya kumi. Pedeli ipimwe kila mwanzo wa msimu. Oili iangaliwe kabla ya mvua, na kazi ya kukata trekta ipangwe kiangazi, mara tu mavuno yakishauzwa na fedha bado ipo mkononi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta unaojengwa Novemba, mvua ikinyesha, una bei kuliko wote.