Kuugua si sababu ya kukaa kitako

Je, msomaji, nyumbani kwenu kuna mzazi anayeugua kisukari au shinikizo la damu? Kama yuko, huenda mnamtunza kama yai. Akiinuka kuchukua kikombe, mtoto amekwisha kukimbia kukileta. Akitaka kwenda dukani kununua gazeti, anaambiwa, “Keti tu, baba, wewe ni mgonjwa.” Hayo ni mapenzi, hakuna abishaye. Lakini mapenzi ya namna hii humwongezea mgonjwa maradhi.

Imani kwamba dawa ya mgonjwa ni kitanda haikuwa yetu peke yetu. Zamani, hata katika hospitali kubwa za Marekani, mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo alilazwa chali kwa wiki kadhaa. Mnamo mwaka 1952, madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walieleza faida za kuwakalisha wagonjwa hao kitini mapema. Mwaka uliofuata, Daktari Jeremy Morris wa Uingereza alichapisha uchunguzi wake kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva waliokaa kitini. (Makanga wetu wa matatu nao hawakai, ingawa kuning'inia mlangoni si zoezi la kumshauri mtu!)

Hebu tuangalie kisukari, maana kimeingia katika nyumba nyingi za mjini. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia kama vile jiko linavyotumia makaa. Hufanya hivyo hata kama insulini ya mwili imedhoofika. Nafuu hiyo hudumu kwa siku moja au mbili, kisha hutoweka. Ndiyo maana madaktari hushauri mgonjwa asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kutembea kwa miguu siku ya Jumamosi pekee, halafu kukaa wiki nzima, hakusaidii sana.

Nanyi watoto wa mgonjwa, msidhani habari hii haiwahusu, kwa kuwa kisukari hufuata ukoo. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajaugua. Kundi lililotakiwa kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kula kwa uangalifu na kupunguza uzani lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa tembe za metformin waliipunguza kwa asilimia 31.

Wenye presha nao hunufaika, kwani mazoezi ya kila mara huishusha kwa pointi kadhaa. Mwenye maumivu ya magoti huogopa kwamba kutembea kutayamaliza, kumbe misuli ya paja ikipata nguvu hulipunguzia goti mzigo. Hata mwenye pumu aweza kufanya mazoezi, mradi dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni.

Hata hivyo, usitoke mbio kesho asubuhi kabla ya kumwona daktari wako. Dawa za kisukari, hasa insulini na glibenclamide, zikichanganyika na mazoezi zaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho jembamba au kuona kizunguzungu, simama, unywe soda yenye sukari au ule peremende, kisha upumzike. Kwa hiyo beba peremende kila utokapo. Vaa soksi na viatu visivyobana, na urudipo kagua nyayo, kwa kuwa mgonjwa wa kisukari aweza kuchubuka asihisi. Presha ikiwa imepanda sana, ngoja kwanza itulizwe kwa dawa. Na maumivu ya kifua yakikushika njiani, acha mara moja ukatafute matibabu. Hayo si ya kuvumilia.

Ukisharuhusiwa, anza na dakika 10 baada ya mlo, uongeze polepole hadi ufikie dakika 30, siku tano kwa wiki. Kipimo chake ni rahisi: uwe unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Kwa misuli, kaa kwenye kiti imara, inuka bila kujishikilia, keti tena, urudie mara 8 au 10. Usizuie pumzi, maana presha hupanda.

Utasema mtaani kwenu hakuna njia ya waendao kwa miguu, na jioni kuna wezi. Ni kweli, na serikali za miji yetu zafaa kulaumiwa kwa hilo. Basi zunguka uani, panda ngazi za nyumba ya ghorofa unayokaa, au shuka matatu steji moja kabla ya yako kungali na jua. Na baba akitaka kwenda kununua gazeti la Jumapili, mwacheni aende. Mmoja wenu amsindikize, akiwa na peremende mfukoni.