Maji Yanayozidi Ubongoni: Utafiti wa Mbale na Ukuaji wa Akili ya Mtoto

Ndani ya ubongo wa kila binadamu mna vyumba vinne vilivyojaa maji maangavu. Maji hayo hutengenezwa mchana na usiku, hasa na vifundo vya mishipa midogo ya damu vilivyomo katika vyumba hivyo. Kwa mtu mzima hufikia karibu nusu lita kwa siku. Kutoka vyumbani hupita katika njia nyembamba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi katika damu. Kazi yake ni kuukinga ubongo usigongane na fuvu na kuuondolea takataka.

Njia hiyo ikiziba, maji huendelea kutengenezwa lakini hayana pa kutokea. Vyumba hutanuka na kuusukuma ubongo kwenye fuvu. Kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijashikana bado, kichwa chake hukua kupita kiasi, utosi hutuna, na macho huelekea chini. Madaktari huuita ugonjwa huu haidrosefalasi. Wazazi wengi wa Tanzania huujua kwa jina la kichwa kikubwa. Wasipotibiwa, watoto wengi hufa, na wanaosalia huweza kupofuka au kudumaa akili.

Mrija na udhaifu wake

Kwa miaka mingi tiba iliyotegemewa ni kumwekea mtoto mrija chini ya ngozi, wa kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni, ambako hunyonywa na mwili. Mwaka 1956, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, fundi wa mitambo John Holter, ambaye mwanawe alikuwa na ugonjwa huu, alibuni vali ya kuyaruhusu maji kwenda upande mmoja tu, akishirikiana na daktari Eugene Spitz. Uvumbuzi huo uliokoa maisha ya watoto wengi.

Hata hivyo, mrija huziba, hukatika au huingiwa na vijidudu. Karibu nusu ya mirija wanayowekewa watoto huharibika katika miaka miwili ya mwanzo, na huo ukiziba ghafla mtoto huweza kufa kwa muda wa saa chache. Mzazi aishiye karibu na hospitali kubwa atawahi kumfikisha mwanawe kwa daktari wa upasuaji. Lakini yule aishiye kijijini, mwendo wa siku nzima kutoka hospitalini, hurudi nyumbani na mtoto aliyepona akiwa amebeba hatari ile ile chini ya ngozi yake.

Fikra mbili za kale zaunganishwa

Mwaka 2000 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, alihamia Mbale, mashariki mwa Uganda, kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE. Huko alizichukua fikra mbili zilizokuwa zimejaribiwa tangu zamani. Ya kwanza ni ya kupunguza utengenezaji wa maji, aliyoijaribu Walter Dandy mwaka 1918 kwa kuviondoa vile vifundo vya mishipa. Ya pili ni ya kutoboa tundu katika sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia mpya, aliyoifanya William Mixter mwaka 1923.

Warf aliziunganisha zote mbili katika upasuaji mmoja. Daktari hupitisha kifaa chembamba chenye taa na kioo cha kutazamia, hutoboa tundu, kisha huviunguza vifundo kwa umeme. Hakuna mrija unaobaki mwilini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba, kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja, kutoboa tundu peke yake kulifanikiwa kwa asilimia 47, lakini pamoja na kuunguza vifundo mafanikio yalifikia asilimia 66. Madaktari wa Uganda, akiwamo John Mugamba, waliiendeleza kazi hiyo, na njia iliyokuzwa Mbale ikafundishwa hata huko Marekani.

Je, ubongo wenyewe hukua?

Lilibaki swali moja zito. Upasuaji mpya huacha maji mengi zaidi kichwani kuliko mrija. Je, akili ya mtoto haitapungukiwa? Ili kulijibu, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 100 wa Mbale, wote wenye umri wa chini ya miezi sita. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: baada ya mwaka mmoja, makundi mawili hayakutofautiana kwa namna ya kutegemewa, si katika maendeleo ya akili wala katika ukubwa wa ubongo. Kwa hiyo mtoto huweza kuepushwa na mrija bila kupunjwa akili yake. Hata hivyo, katika makundi yote mawili wengi walikuwa nyuma ya wenzao wenye afya. Maji yalikwisha kupata njia, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kujeruhiwa.

Kukitafuta chanzo

Jeraha hilo latoka wapi? Uchunguzi wa watoto 300 uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa asilimia 60 kati yao waliupata ugonjwa baada ya kuambukizwa vijidudu, na wengi wa hao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa muda mrefu vijidudu hivyo havikuonekana maabara. Ndipo mwaka 2020 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Steven Schiff, kwa kuchunguza chembe za urithi zilizomo katika maji ya ubongo, kilipotambua bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao hapo awali hawakujulikana kuwa chanzo cha ugonjwa huu.

Ugunduzi huo unaihamisha kazi kutoka chumba cha upasuaji hadi wodi ya uzazi. Dawa itakayomwua bakteria huyo mapema huweza kuuokoa ubongo kabla ya njia ya maji kuziba. Kwa sasa kinga iliyo karibu na kila mzazi ni kuwa macho: mtoto mchanga mwenye homa, anayekataa kunyonya au mwenye degedege apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kila anapopelekwa kliniki, kichwa chake kipimwe kwa utepe. Kichwa kinachokua upesi kuliko kawaida hakina budi kuonwa na daktari bila kungoja, kwani kila juma linalopita ni sehemu ya akili ya mtoto isiyoweza kurudishwa.