Kumfunza mhudumu wako malipo ya simu: ujumbe pekee hautoshi

Una duka, unapokea malipo kwa till, na leo unamwachia mhudumu mpya kaunta uende kuleta stoki. Umemwandikia kwa WhatsApp: "Usitoe mzigo kabla pesa haijaingia." Amejibu sawa. Saa saba duka limejaa, mteja anamwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, na unga na mafuta ya Sh2,300 vinaondoka. Pesa haikuingia.

Wengi hapo humkata mhudumu mshahara. Sisi tungeuliza kwanza alifunzwa vipi.

Kampuni zenye wafanyakazi katika nchi nyingi huchanganya njia mbili: somo fupi ambalo mtu anajisomea kwa simu ama kompyuta, halafu mazoezi ya ana kwa ana. Hata duka la mtu mmoja linaweza kufanya hivyo.

Kwa simu, mtumie yale ya kukumbuka. Ujumbe wa malipo hufika kwa simu ya duka. Ulio kwa simu ya mteja hauthibitishi kitu. Hutoka kwa jina rasmi la huduma, si namba ya kawaida. Ukiwa na shaka, angalia salio la till. Mrekodie kwa sauti, dakika moja tu, na kama mnaongea Kikamba, basi iwe Kikamba. Atairudia jioni.

Lakini kumwambia mteja mwenye haraka "ngoja kidogo", foleni ikinung'unika, hakuna anayejifunza kwa kusoma. Kabla hamjafungua duka, jifanye mteja. Mwonyeshe picha ya ujumbe wa wiki jana, mfokee kidogo, uone kama atalegea. Kisha mpigie: "Nimetuma kimakosa, nirudishie." Jibu ni moja: yeye harudishi pesa, anayedai apigie huduma kwa wateja. Halafu lipa Sh10 kweli kwa till, aone inavyoingia.

Usimpe PIN yako ili aangalie salio. Omba asajiliwe kama mhudumu wa till, awe na PIN yake.

Rudia zoezi baada ya wiki mbili, siku asiyotarajia. Akikosea, usimwache peke yake kwa kaunta mwisho wa mwezi.