Mkanda wa Jeshi wa Jicho

Jina mkanda wa jeshi limekwisha kukubalika miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili kuwa ni la ugonjwa wa malengelenge yenye maumivu makali, yatokeayo upande mmoja wa mwili. Ni jina la mfano: malengelenge hujipanga ubavuni kama mkanda wa askari. Jina la kitaalamu, zosta, asili yake ni Kiyunani, nalo pia maana yake ni mkanda.

Hata hivyo mfano huu una upungufu. Mtu aliyepona tetekuwanga husalia na virusi vyake, vimelala katika mafundo ya mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili ipunguapo, kwa uzee au kwa maradhi kama UKIMWI, virusi huamka na kuufuata mshipa mpaka kwenye ngozi. Mshipa ukiwa wa ubavuni, twaona mkanda. Ukiwa ni tawi la juu la mshipa wa tano wa kichwa, malengelenge hutokea kwenye paji la uso, kope na pua. Hapo hapana mkanda wo wote, ingawa ugonjwa ni ule ule.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Turiani, chini ya milima ya Nguru. Ikiwa amefundishwa kwamba mkanda wa jeshi ni malengelenge ya kiunoni, yakimtoka usoni huenda akadhani ametambaliwa na mdudu, asiende Hospitali ya Bwagala mapema. Kuchelewa huko kwaweza kumpofusha. Konea, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni, huweza kuvimba, kupoteza hisia na kufanya vidonda na makovu. Presha ya jicho nayo huweza kupanda. Dawa za kuzuia virusi hufaa zaidi zikianzwa katika saa 72 za mwanzo. Malengelenge kwenye ncha ya pua ni onyo, kwa kuwa mshipa uendao huko hupeleka tawi jingine ndani ya jicho.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, jina mkanda wa jeshi lisiachwe, maana watu wanalijua. Bali liongezewe mahali: mkanda wa jeshi wa jicho. Pili, mfasiri au mwalimu auelezapo ugonjwa huu asitaje kiuno peke yake. Aseme "upande mmoja wa mwili au wa uso", na aongeze kwamba mwenye malengelenge ya usoni aende hospitali siku ile ile.