Duka la Masazo ya Mafundi

Katika mji wa San Francisco, nchini Marekani, lipo tangu mwaka 1976 duka liitwalo SCRAP, ambalo mali yake asili yake ni hiba: vitambaa vilivyosalia viwandani, karatasi na rangi zilizowazidi wachoraji, na makasha ya nyuzi, vifungo na shanga yaliyoachwa na mafundi waliofariki, ambayo warithi wao hawakujua wayafanyie nini wala hawakuridhia kuyatupa jaani. Vitu hivyo huchambuliwa, kisha huuzwa kwa thamani hafifu, hata mwalimu mwenye fungu dogo la fedha akaweza kuwatosheleza wanafunzi wake wote.

Lakini mimi, pamoja na kuusifu unafuu huo, naona lipo jambo lenye uzito zaidi. Fungua kasha moja la namna hiyo, nawe huenda ukakuta kitambaa cha tarizi kilichokomea nusu ya ua, sindano ingali imechomekwa pale pale mkono ulipoiacha. Na atakayekinunua, akaketi jioni kuutimiza ua ule, huanzia kwenye tundu lililotobolewa na mtu asiyemjua kamwe.