Nani Analipia Mazungumzo?

Juma hili nazungumzia maradhi yasiyoonekana kwenye eksirei wala hayahitaji kisu cha mpasuaji. Ni maradhi ya akili, na hasa ni nani anayeyatibu huku wilayani, na kwa nini anayatibu hivyo anavyoyatibu.

Mtu wa Itigi akiugua akili, ndugu zake wanajua ni wapi pa kumpeleka. Ni mashariki, kupitia Manyoni hadi Dodoma, iliko Mirembe, hospitali inayopokea wagonjwa hawa tangu miaka ya 1920. Ni safari ya zaidi ya kilomita 150. Tena mgonjwa aliyechachamaa hasafiri peke yake. Anahitaji wasindikizaji wawili au watatu, nao wale, walale. Familia ikiuza mbuzi kwa safari ya kwanza, safari ya tatu itauza nini? Ndiyo maana serikali, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, ilianza majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro yapata mwaka 1980, ili tiba hii ishuke hadi kwenye zahanati.

Shabaha ilikuwa nzuri. Lakini ishuke mikononi mwa nani? Mabingwa wa maradhi haya nchini hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki moja, na wengi wao wako mijini. Huku chini kazi inamwangukia muuguzi au tabibu, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo wa zamu ya wazazi na wa chanjo. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi na kufunga milango mingi ya ajira, na pengo lile halikuzibwa kwa siku moja.

Basi mtazame muuguzi huyo, foleni ikiwa imefika mlangoni. Unalala? Unakula? Sauti bado unazisikia? Kisha anatoa vidonge vya klopromazini au haloperidoli, au anachoma sindano ya flufenazini ambayo nguvu yake hukaa mwilini kwa majuma kadhaa. Sindano hiyo siibezi hata kidogo. Kwa mtu anayekaa mbali na kliniki ni msaada mkubwa. Lakini haimwulizi kijana wa machimbo ya jasi kilichomkosesha usingizi, wala haimweleweshi mama yake kwa nini dawa isikatizwe mwana akianza kucheka tena.

Hapa ndipo fedha inapoingia. Mwaka 1991 sheria iliruhusu tena hospitali binafsi za biashara, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mgonjwa wa akili akapewa msamaha, na ni haki yake. Ila msamaha hauleti senti kwenye sanduku la hospitali. Hospitali yoyote inayoishi kwa ada, hata ya misheni yenye huruma, inajua bei ya upasuaji na bei ya kupima damu. Saa nzima ya kumsikiliza mtu iandikwe kwenye risiti gani?

Marekani, pamoja na utajiri wake, mambo ni hayo hayo. Bima zililipa vizuri zaidi ziara fupi za dawa kuliko saa ya maongezi, na madaktari wengi wakawaachia wanasaikolojia na maofisa ustawi maongezi hayo. Wao walikuwa na wa kumwachia. Itigi anaachiwa mchungaji, shehe, au mganga wa kienyeji, ambaye (tusifichane) humsikiliza mgonjwa kutwa nzima na kumtoza kwa hilo.

Machi 2024 hospitali nyingi binafsi ziligomea bei mpya za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mimi nilisikia ubishi wa dawa, vipimo na ada ya daktari. Bei ya mazungumzo sikusikia ikigombewa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na orodha ya huduma zinazolipiwa ndiyo mahali pa kulidai jambo hili.

Nanyi wa mjini mnaotuma nauli ya Dodoma kila mwezi, ulizeni kwanza kama dawa ile ile inapatikana kliniki ya karibu, na kama muuguzi anayeijua bado hajahamishwa. Ila mgonjwa asikose dozi hata moja wakati mnauliza.