Shilamu ya Kiko: Kwa Nini Hugeuka Rangi, na Namna ya Kuitunza

Leo twataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho wengi hukidharau mpaka siku kinapoharibika. Kitu hicho ni shilamu ya kiko.

Si nia yetu kumfundisha mtu kuvuta tumbaku. Tumbaku huleta saratani ya kinywa, ya koo na ya mapafu, na mwanafunzi asiiguse. Lakini viko vya wazee vimo majumbani mwetu, na mtu aweza kukitunza kiko asichokivuta, kama autunzavyo mkuki wa babu yake ingawa haendi nao vitani.

Kwanza tujue majina. Kiko cha maji cha watu wa pwani kina bori, yaani kikombe kinachotiwa tumbaku na moto; kina digali, mti wa kupitisha moshi mpaka majini; tena kina shilamu, mti wa kuvutia, ambao ncha yake hutiwa kinywani. Kiko cha Kizungu hakina maji, lakini bori na shilamu kinazo.

Zamani shilamu zilifanywa kwa pembe, kwa mfupa au kwa kaharabu. Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipewa na serikali yake haki ya uvumbuzi wa kuupika mpira pamoja na salfa, ambayo wazee wetu waliiita kiberiti. Mwaka 1851 ndugu yake, Nelson Goodyear, alipewa haki kama hiyo kwa mpira mgumu. Salfa ikiwa kidogo, mpira hubaki laini kama wa gurudumu. Ikiwa nyingi, yapata robo au theluthi ya uzito wote, mpira hugeuka mgumu, mweusi, wenye kung'aa. Kwa sababu ya weusi huo uliitwa eboniti, kwa jina la mti mweusi unaofanana na mpingo wetu. Mpira huo ulifanyiwa shilamu, vitana na kalamu za wino.

Sasa huenda mtu akauliza, "Ikiwa ni mweusi hivyo, mbona shilamu ya babu ni ya kijani na kahawia, tena chungu mdomoni?" Jibu ni hili. Ndani ya mpira ule salfa na mpira vimeshikana kama nyuzi za mkeka. Mwangaza wa jua hukata nyuzi hizo, na oksijeni iliyo katika hewa huingia mahali palipokatika. Salfa iliyofunguliwa hukaa juu juu, hushikamana na oksijeni na unyevu, ikafanya asidi ya salfa kidogo kidogo. Asidi hiyo huvuta unyevu zaidi, na kazi ya kuharibu huendelea. Basi jambo hili ni ndugu wa kutu: chuma huliwa na hewa na maji, mpira mgumu huliwa na hewa, maji na jua. Na jua hapa kwetu si haba. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na tangu Mei hata Oktoba ni nadra kuona wingu la mvua.

Twayasema haya kwa kuwa tulijifunza kwa hasara. Baba yetu alikuwa na kiko chenye shilamu iliyopinda, na jioni alikivuta chini ya mbuyu pamoja na wazee wenzake. Ili kisichanganyike na viko vyao, alichonga kwa kisu mistari miwili midogo ubavuni mwa shilamu, mfano wa alama za ng'ombe wake. Alipofariki, kiko kiliwekwa dirishani upande wa mashariki, kikapigwa na jua la asubuhi mwaka mzima. Tulipokitazama tena, shilamu ilikuwa imegeuka kijani. Ndugu yetu alisema imeoza, itupwe. Sisi tulisema, "La, tutaisafisha."

Tukaitia katika maji yanayochemka. Kosa la kwanza. Rangi ilizidi kuwa mbaya, na shilamu iliyopinda ikanyoka kama kijiti. Maana mpira mgumu hulegea ukipata moto, nao hukumbuka umbo lake la kwanza: shilamu hufanywa imenyoka, ndipo hupashwa moto na kupindwa. Kosa hilo liliponyeka. Tuliipasha moto tena polepole, tukatia waya laini ndani ili tundu lisizibe, tukaipinda kwa mkono, kisha tukaitia katika maji baridi ili ishike.

Kosa la pili halikuponyeka. Tulichukua msasa mkavu wa seremala tukaisugua shilamu yote kwa nguvu mpaka ikawa nyeusi. Tukampelekea mama kwa furaha. Aliigeuza mkononi, akapitisha kidole gumba ubavuni, akauliza, "Mwanangu, alama ya baba yako i wapi?" Hatukuwa na neno la kujibu.

Kwa hiyo, mwenye kiko cha mzee wake na afanye hivi.

Kwanza, ikiwa kiko kimevutwa, kiache kipoe kabisa kabla ya kuitoa shilamu. Kikiwa na joto, mti huwa umevimba na shilamu imelegea, na kile kijino kinachoingia katika mti huvunjika upesi. Shika mti kwa mkono mmoja, zungusha shilamu taratibu huku ukiivuta.

Pili, safisha tundu. Tumia waya wenye manyoya uuzwao kwa kazi hiyo, au unyoya wa kuku, uliochovywa katika maji baridi ya sabuni au pombe kali safi. Usitumie spiriti ya kuwashia taa. Ina sumu, na kitu hiki hutiwa kinywani.

Tatu, ukiona alama au maandiko, yafunike kwa kipande cha utepe wa gundi. Afadhali shilamu ibaki na kijani kidogo kuzunguka alama kuliko alama ipotee.

Nne, osha nje kwa maji baridi na sabuni, kisha sugua kwa kitambaa chenye maji na dawa ya meno. Ikiwa kijani ni chepesi, kitatoka. Kikikataa, tumia msasa wa maji ulio laini sana, namba 600, kisha 1000, kisha 2000, nao uwe na maji daima. Karibu na mahali pa kuungana na mti, rudisha shilamu mahali pake, uufunge mti kwa utepe, uende polepole. Ukizidisha, kingo zitakuwa mviringo na kiungo hakitakutana sawasawa tena. Usitumie dawa kali za kung'arishia nguo; huondoa kijani, lakini huuacha mpira umetobokatoboka.

Tano, kausha vizuri, paka tone la mafuta ya zeituni, ngoja kidogo, ufute yote. Kisha paka nta ya nyuki kidogo sana, usugue kwa kitambaa cha pamba mpaka ing'ae. Nta huizuia hewa na unyevu visiufikie mpira upesi, lakini haidumu. Yafaa kurudia mara kwa mara.

Sita, iweke gizani: katika mfuko wa nguo au katika sanduku, si dirishani. Na anayekivuta afute mate kila amalizapo.

Shilamu za siku hizi zilizo za plastiki ya akriliki hazipatwi na kijani hiki. Njia ya kupambanua ni kusugua kwa kitambaa chenye maji: mpira mgumu hutoa harufu ya salfa. Jaribu hivyo hata ukipata kiko cha jiwe jeupe jepesi chenye chapa ya tembo na neno Kiko, kilichotengenezwa Arusha kwa jiwe la Amboseli lililoanza kuchimbwa katika miaka ya 1950.

Kiko cha baba yetu sasa kimo sandukuni, kimefungwa katika kipande cha kanga, nacho ni cheusi na chang'aa. Mama hukitoa mara moja moja, hukipangusa, hukirudisha. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa nyumbani kusafisha kitu cha mzee, ulizeni kwanza ni kipi katika kitu hicho ambacho hakipaswi kutoka. Kwaherini.